Mwaka Niliotunza Vyoo vya Kilindoni

Bi Time amefariki, nami nilifika Kilindoni ameshazikwa. Habari ilinikuta Dar es Salaam kwenye simu, katika kundi la watu wa kisiwa cha Mafia tuishio mjini, katikati ya picha za harusi ya mtu mwingine. Nikatoka kazini na nguo nilizovaa, nikalala bandari ya Nyamisati, na asubuhi kivuko kikangoja maji yajae kama ilivyo desturi yake. Nilipofika nyumbani kwake mikeka ilikuwa imetandikwa na kisomo kimeanza. Yeye aliyeosha maiti za wanawake wa mji ule kwa miaka na miaka alikuwa ameoshwa na wengine, na hilo liliniuma kuliko kuchelewa kwenyewe, kwa sababu nilipenda mikono yangu iwe miongoni mwa iliyomwosha. Wakaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema nilikuwa mpangaji wake, mwaka mmoja tu, zamani. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mchele akanitazama sana, akasema, "Ala! Wewe si yule wa vyooni?" Nikasema ndiye mimi. Wakacheka, hapo hapo matangani, wakaziba midomo kwa kanga, nami nikacheka nao. Nina zaidi ya miaka hamsini sasa, nimesimama mbele ya wakubwa wengi nikatambulishwa kwa vyeo virefu, lakini sijapata kutambulishwa vizuri kuliko siku ile.

Nilitoka Kirongwe, kaskazini mwa kisiwa, wa nani na wa nani si kitu hapa. Nilikuwa na miaka ishirini, matokeo ya kidato cha nne mkononi yasiyonipeleka mbele wala kunirudisha nyuma, na mchumba aitwaye Nassor ambaye mama yake, Bi Raya, alikuwa na minazi isiyohesabika. Pembeni mwa mji wa Kilindoni, ukielekea Miburani, kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana. Vyoo vyao vya shimo vilichimbwa kwenye mchanga, na kule ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Basi vyoo vikajaa, vikavujia kisimani, kisima kikanuka. Wakaja watu wa mradi wakajenga vyoo vya namna nyingine. Haja ndogo ilikwenda kwenye tangi lake, haja kubwa ikaangukia chumba kikavu cha kumwagiwa majivu, na kuchamba kulikuwa na pahala pake pa tatu. Akatafutwa mtu wa kuvitunza. Wanaume kadhaa waliulizwa wakakataa, mmoja akatukana. Mimi nilisema ndiyo kabla sijamaliza kusikia ni kazi gani, kwa kuwa nilitaka kubaki mjini, na nilipomaliza kusikia nikaona haya kurudisha neno langu.

Bi Time alikuwa mpishi wa shule hiyo, mwanamke mrefu, mjane, mwenye sauti ya kufukuza kunguru. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu: kitanda cha mbao, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha lisilo kioo lililotazama jiko, hivyo kila kilichopikwa nilikijua kabla ya kuamka, na kila kilichosemwa pia. Nilipomwamkia, "Shikamoo Bi Time," aliitikia marahaba, akanitazama miguu, kisha akatoa masharti. "Nyumba hii inasaliwa, mwanangu. Nguo za kazi zibaki huko huko kazini. Ukimaliza uoge huko huko. Ukifika hapa uoge tena. Na mkono wako usiingie kwenye chungu changu mpaka nikwambie." Nikasema, "Inshallah." Akasema, "Si inshallah. Sema ndiyo." Nikasema ndiyo. Jioni ile akaniletea chumbani wali wa nazi na mchuzi wa samaki changu, sahani imefunikwa kawa, akaiweka kizingitini, hakuingia.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bwana Elia, ofisa kilimo kijana kutoka bara, mtu mpole aliyesema "kwa hiyo" kila baada ya maneno matatu na ambaye jua la pwani lilimtesa. Alinipeleka nyuma ya bweni akachota mchanga mweupe, akauacha umwagike kati ya vidole. "Huu haushiki kitu," akasema. "Ukiupa maji unakunywa, haushibi. Ukiupa mbolea inapita kwenda chini. Kwa hiyo minazi inaota, muhogo unaota, lakini mchicha mnausubiri kwa boti kutoka bara, unafika umeshakufa. Na kila asubuhi hawa wasichana wanamwaga mbolea, kwa hiyo tunaiacha iharibu kisima." Akanionyesha jinsi ya kufungua tangi, kujaza madumu, kuyafunga yasipitishe hewa na kuandika mwezi kwa mkaa ubavuni. Mkojo ulikaa bandani miezi kadhaa mpaka vidudu vya maradhi vife, kisha kopo moja la mkojo tulilichanganya na makopo kumi ya maji. Hukuumwagilia juu ya majani. Ulichimba kijifereji kando ya mmea, ukamimina, ukafukia. Kile kikavu nacho kilikaa na majivu mpaka kikageuka vumbi jeusi lisilo harufu, tukakifukia chini kabisa ya matuta pamoja na makumbi ya nazi yaliyooza, ili mchanga upate kitu cha kushikia maji. Hii leo nawafundisha vijana wa Dar es Salaam mambo haya haya kwa mashine na vipimo, kwa ajili ya viwanja vya mjini ambavyo udongo wake ni kifusi na mchanga mtupu, na wapo wanaodhani ni elimu mpya. Mimi niliipata nimejifunga kanga kiunoni na kitambaa puani.

Masika yalipokatika tukapanda mchicha. Uliota vizuri, ukafika kiganja kimoja, kisha kingo za majani zikaungua kama karatasi iliyopitishwa motoni. Bwana Elia akapiga magoti, akasema mkojo ni mkali, tuongeze maji ya kisima. Tukaongeza. Ukazidi kuungua. Tukaongeza tena, na juma lililofuata matuta yote yalikuwa na rangi ya tumbaku. Wasichana waliokuwa wakipita kwenda darasani walikuwa na wimbo wao juu yangu, na sokoni muuza samaki mmoja alinifungia changu wangu kwa majani mawili badala ya moja, asiniguse vidole. Katikati ya hayo Bwana Elia akaitwa masomoni bara kwa miezi mitatu. Aliniachia ufunguo wa banda, daftari, na uso wa mtu anayeomba radhi. "Ukiona vigumu," akasema, "kwa hiyo funga tu, nitawaeleza." Mwalimu mkuu, mama mwenye haki lakini asiye na subira, akanipa mpaka muhula ule uishe: pasipo mboga, bustani ifungwe na mkojo ukamwagwe baharini.

Ndipo alipokuja Bi Raya. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, mimi nimejilaza chumbani kichwa kinauma, nikasikia hodi na udi, maana yule mama alitanguliwa na harufu ya udi popote aendapo. Bi Time akamkaribisha jikoni, akampakulia wali na papa wa nazi. Wakala, wakasifiana vyakula, wakaulizana wagonjwa. Kisha Bi Raya akasema taratibu, "Nimeambiwa mkwe wangu anasomesha hapa shuleni. Nimepita shuleni. Hasomeshi." Hayo ya kusomesha nilikuwa nimeyatunga mimi mwenyewe, nikamwambia Nassor, naye akawaambia kwao. Bi Raya akaendelea, "Mwanamke anayeshika mikojo ya shule nzima, atampakulia mwanangu chakula?"

Nilimjua Bi Time. Aliichukia kazi ile kuliko mtu yeyote mjini, nami nikakaa kitandani nikingoja anitose. Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sinia. "Anashika, na ananawa," Bi Time akasema. "Mimi hapa naosha maiti, Bi Raya. Wanawake wa mji huu nawaosha, waliokufa kwa uzazi, waliokaa majini siku mbili. Na mikono ndiyo hii. Papa umemwonaje?"

"Papa mzuri," akasema Bi Raya mwishowe, kwa unyonge. Kisha akajikusanya. "Lakini achague. Kazi ile au nyumba yangu." Alipoondoka, Bi Time alikuja mpaka mlangoni kwangu, akasimama kizingitini. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi usiniulize mimi. Mimi siolewi." Akarudi kwenye vyombo vyake.

Sikuchagua siku ile wala juma lile. Niliendelea kwenda kazini kwa sababu sikujua pa kwenda pengine. Na jibu la bustani lilikuja nisipolitazamia. Nilikuwa naoga kule kazini kwa maji ya kisima cha shule, kisima ambacho tangu kilipoanza kunuka hapakuwa na mtu aliyekunywa maji yake, nikisugua sabuni kwa hasira, na sabuni haitoi povu. Ilikuwa ikigeuka uji mzito mweupe, ikaniganda mikononi. Nikasugua tena. Nyumbani kwa Bi Time, kwa maji ya mvua, sabuni ile ile ilijaa povu mpaka kwenye viwiko. Nikasimama na ndoo nimejaa uji ule, nikachovya kidole, nikakilamba. Chumvi. Mvua zilipokatika bahari ilikuwa imeingia chini kwa chini kisimani, na sisi kila tulipoona mchicha unaungua tuliuongezea bahari. Nilipiga kelele peke yangu mle bafuni. Miezi miwili nilikuwa nauombea mkojo radhi kwa kosa lisilo lake, nami nikijilaumu kana kwamba mikono yangu ndiyo yenye nuksi. Nimefanya mengi baadaye ambayo watu waliyapigia makofi, lakini raha ya siku ile, ya kujua kitu kwa ulimi wangu mwenyewe pasipo kuambiwa na mtu, sijaipata mara ya pili.

Sasa nilihitaji maji matamu, na matangi ya mvua ya shule yalikuwa ya kunywa. Jirani na shule palikuwa na msikiti wenye paa kubwa la bati na birika lililojaa mvua ya masika, na maji ya udhu ya waumini, mara tano kwa siku, yalipita mferejini yakamwagika mchangani nyuma, pakaota majani ya mbuzi tu. Nikaenda kwa imamu, Maalim Faki, nikamkuta barazani akishona jalada la msahafu. Nikamwamkia, nikamwomba maji yale yanayopotea. Akaniuliza ya nini. Nikamweleza. Sindano ikasimama. "Maji ya udhu, uchanganye na mkojo?" Nikasema ndiyo, maalim. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sijui," akasema. "Sikatai, na sikubali. Sijui. Nipe muda nitazame." Nimekutana na wasomi wengi tangu hapo, wachache wamenijibu hivyo. Ijumaa mbili zikapita hana jibu. Nilikuwa nikichota maji ya kunywa kwa Bi Time, ndoo moja kwa siku, kuokoa tuta moja tu nililolipanda upya, naye alikuwa akinitazama nikichota.

Ijumaa ya tatu Maalim Faki akaja mwenyewe bandani, kanzu ameikunja mkononi. Akatazama madumu, akatazama tuta lile moja lililokuwa kijani. "Maji yaliyotumika kwa udhu hayatoharishi tena," akasema, "lakini ni safi, na ni ya Mungu kama maji mengine. Yachukue, ila kuchanganya uchanganyie huku kwako, usichanganyie uwanja wa msikiti. Mkojo ni najisi, hilo halibadiliki. Lakini mmea ukiota juu ya najisi, mmea wenyewe si najisi. Jani likirukiwa, lioshwe." Akageuka kuondoka, kisha akasimama. "Na jambo moja. Usimlishe mtu asiyejua. Mwambie limeotaje, ndipo ale au aache. Usimfiche mtu."

Hakujua alikuwa akisema na nani. Kesho yake nilipanda gari la kwenda Kirongwe, nikamkuta Nassor kwenye kiwanda cha kukaushia nazi, nikamwambia kwa kinywa changu mwenyewe kwamba sikusomesha hata siku moja. Nikamweleza kazi yangu yote, mpaka harufu. Alikuwa mtu mwema, hakunitukana. Alichokoa mbata kwa kisu kwa muda mrefu. "Mama hatakubali," akasema. Nikamwuliza, "Na wewe?" Akatazama kisu. Nikangoja, nikahesabu nazi zilizokuwa mbele yake, nikafika mwisho, bado anatazama kisu. Posa ikavunjika hivyo. Nililia njia nzima ya kurudi, na siku kadhaa baadaye pia, na mtu asinidanganye kwamba ukiwa umefanya haki haiumi. Bi Time hakunipa pole. Alinipikia mikate ya kumimina mitatu mfululizo, asubuhi tatu.

Maji ya udhu niliyakinga kwa pipa, nikayabeba kwa mzega, mti wa ndoo mbili mabegani. Mchanga ukaanza kubadilika: kwanza kijivu, kisha rangi ya majivu mabichi, halafu siku moja nilipochota nikaufumbata, haukumwagika. Mchicha ukaja mnene, majani mapana kama kiganja cha Bi Time. Mwalimu mkuu akauzunguka mara mbili, akasema, "Mpishi akikubali, wapewe." Nikaenda mbio kwenye jiko la shule. Bi Time alikuwa akichagua wadudu kwenye maharage, chakula cha kila siku cha wale wasichana. Hakuinua uso. "Sufuria zangu, hapana."

"Maalim amesema ni halali."

"Najua ni halali. Nimesikia. Kinyaa si haramu, mwanangu, lakini ni kinyaa."

Nilikuwa na siku chache kabla mchicha haujatoa mbegu ukakakamaa. Sikubembeleza. Siku mbili baadaye, asubuhi, nikamwona anakuja bandani amejifunga kanga kuukuu, miguu mitupu. Akasema hawezi kupika asichokijua, nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Akafungua dumu mwenyewe, harufu ikampiga, macho yakamtoka machozi, hakurudi nyuma. Akapima kopo, akachanganya, akachimba kijifereji kwa vidole, akamimina, akafukia. Akauchimbua ule udongo wa chini, akaunusa. Tuta zima alilimaliza yeye. Alipokuwa akinawa, mpaka kwenye viwiko, kwa namna ile anavyonawa akitoka kuosha maiti, akaniambia, "Siku ya kwanza nilipoosha, nilitapika. Mama yangu akanishika mkono akaurudisha. Kinyaa hakitoki kwa fatwa. Kinatoka kwa mkono." Akachuma fungu moja, akalipeleka nyumbani, akaliosha mara tatu, akalipika kwa nazi. Nikanyoosha mkono sahanini akaupiga kofi. "Ngoja. Nikiamka mzima kesho ndiyo ule." Akala peke yake, akitafuna polepole, mimi nikimtazama. Asubuhi alinigongea mlango. "Nimeamka. Njoo ule kiporo." Tukala kutoka sahani moja.

Siku ya kuwapa wasichana, mchana, nilisimama nyuma ya Bi Time kwenye dirisha la kupakulia. Bwalo lilikuwa limejaa, ugali na maharage vimeshapakuliwa, na pembeni masufuria mawili ya mchicha yamefunikwa. Bi Time akagonga kifuniko kwa mwiko. "Sikilizeni! Hapa pana mchicha. Umeoteshwa hapo nyuma kwa maji ya msikitini na mkojo uliokaa miezi. Maalim ameuruhusu, mimi nimeula, nimeuosha na nimeupika. Anayetaka aje. Asiyetaka, maharage yapo."

Hakuna aliyeinuka. Nilidhani yamekwisha. Kisha msichana mmoja wa meza ya nyuma, mwenye kuimba zaidi katika ule wimbo wa kunikejeli, akainua mkono kama darasani. "Samahani Bi Time. Mkojo wa nani?"

"Wenu!" Bi Time akasema. "Wa nani mwingine? Wangu mimi ungetosha wapi?"

Bwalo likapasuka kwa kicheko, walimu na wanafunzi, na katika kicheko kile yule msichana akainuka na sahani yake, akaja. Nyuma yake wakaja wawili, kisha meza nzima. Si wote. Wapo walioshika maharage yao siku ile na miezi yote iliyofuata, na hakuna aliyewalazimisha. Lakini masufuria yote mawili yalirudi matupu, na muhula haukuisha bustani haijaongezwa matuta sita. Bwana Elia aliporudi alikaa kwenye mchanga mweusi na suruali yake ya ofisini, akasikiliza habari ya sabuni na chumvi, akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeuua," akacheka mpaka akakohoa. Ni yeye aliyeniandikia barua ya chuo cha kilimo, akaitilia mkazo pale ambapo matokeo yangu yalikuwa dhaifu.

Niliondoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imekaa mbali, na abiria tulikuwa tumekunja nguo mpaka magotini tukingoja zamu ya kuvuka majini na mizigo kichwani. Pwani palikuwa na umati: wachukuzi, wavuvi waliopiga kambi za dago, wanawake wa Miburani na vikapu vyao, na watu wa Kirongwe wanaonijua na waliosikia habari ya posa. Bi Time alikuja kunisindikiza na sinia la mikate kichwani. Mchukuzi aliyeshika sanduku langu akamwuliza kwa adabu, "Binti anakwenda wapi, mama?" Nikafungua mdomo kusema nakwenda chuoni, basi. Bi Time akanitangulia, kwa sauti yake ile ya kufukuza kunguru, mpaka walioko botini wakageuka. "Anakwenda kusomea mikojo! Akirudi atawalisheni nyote!" Watu wakaangua kicheko, na mmoja akapiga ukelele kutoka botini, "Kweli hiyo, dada?"

Nilikuwa nimeshaingia majini. Nikageuka, nikawatazama wote walionijua na wasionijua, nikajibu kwa sauti kubwa kama yake, "Kweli!" Kisha nikakunja kanga yangu juu zaidi, nikaenda botini.